Mzigo Kabla ya Jina

Deklaran hakumsalimia mtu kabla ya kujua amebeba nini. Ukipita mbele ya mlango wake na ndoo, alikuuliza ndoo ina nini, ndipo akasema habari ya asubuhi. Kwenye harusi ya binti wa jirani alimwuliza bibi arusi, mbele ya padri, kama ndani ya yale maua hakuna kitu kingine. Kwenye kilio alimshika mfiwa mkono na kumpa pole huku macho yake yakienda kwenye kapu la mama aliyesimama nyuma. Hakuwa mwizi. Hakutaka kitu cha mtu. Ni kwamba hakuweza kuona kitu kimefungwa akakipita bila kuuliza.

Kwetu Kavimvira deklaran ni mtu anayewajazia wafanyabiashara karatasi za duane, yaani forodha, pale mpakani. Wewe unatoka Bujumbura na sabuni; yeye anajua sabuni inaandikwa kwenye mstari gani. Madeklaran walikuwa wengi, na wote waliitwa kwa majina yao. Yeye peke yake tulimwita kwa kazi, hata watoto wake, hata padri siku ya kutangaza kipaimara. Meza yake ilikuwa ya mbao za kreti, na juu ya meza kulikuwa na stempu aliyoichonga mwenyewe kwenye kipande cha sapato, kandambili ya mpira. Haikuwa na maandishi. Ilikuwa na ndagala mmoja, dagaa wa ziwani, mwenye jicho kubwa kuliko mwili. Stempu ile haikugusa karatasi za serikali hata siku moja. Aliitumia kwa watu wa mchezo tu.

Mchezo wenyewe ulimfikia kama mzigo. Kreti moja ilifika duane kwa jina la mzungu aliyekuwa akichimba visima huko Luberizi, na vita ilipoanza tena mzungu akarudi kwao. Deklaran aliachiwa kazi ya kuandika kreti ile ni kitu gani. Ndani alikuta kitabu kinene cha Kifaransa na mfuko wa dadu, na dadu zenyewe hazikuwa za kawaida: moja ilikuwa na pande ishirini, ilivingirika kama limau. Akawaza. Kama ni kitabu, ina mstari wake. Kama ni mchezo wa watoto, ina mstari wake. Lakini katikati ya kitabu aliona bei za mapanga. Ili asikosee aliamua kukisoma chote kabla ya kuandika neno, na alikisoma masika yote. Alipofika mwisho, mzungu alikwisha kusema kwa simu kwamba kreti haitaki tena, achukue anayetaka. Deklaran akaichukua, lakini hadi leo sijui kama alipata kuiandika.

"Ni kitu ya kutengeneza bantu," alimwambia kila mtu. "Duane haiko na mustari ya ile."

Na kweli ilikuwa hivyo. Katika mchezo ule kila mchezaji anajitengenezea mtu: ana nguvu kiasi gani, anajua kazi gani, anaogopa nini, ana nini mfukoni. Kisha mmoja anasimulia safari, na wengine wanasema watu wao wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu inaamua. Hakuna ubao, hakuna karata. Kuna maneno, na mtu wako. Mpaka ulipofungwa kwa sababu ya vita, na wafanyabiashara wakakaa majumbani, Deklaran akaketi nyuma ya meza isiyo na kazi na kuanza kuita majirani alasiri, mmoja mmoja, aone nani ataweza.

Tuliobaki tulikuwa watatu. Mama Mchele alikuwa amekimbia kutoka Bwegera na gunia moja, akaliuza kwa kikombe mpaka akapata la pili. Motari alitoka Luberizi na alibeba watu kwenye moto, pikipiki yake, mbele na nyuma na wakati mwingine juu ya bidoni la petroli. Mama Mchele aliongea Kirundi na watoto wake. Motari aliongea Kifuliiru na pikipiki yake. Mimi nilikaa kiwanja cha jirani, nilikuwa nimeachia shule darasa la sita, na kusema mbele ya watu kulinishinda.

Mtu wa Mama Mchele alikuwa mwizi anayesali kabla ya kuiba. Mtu wa Motari alikuwa jitu la mapanga mawili linaloogopa mbuzi, kwa sababu Motari mwenyewe aliwahi kuangushwa na mbuzi barabarani na hakutaka kuwa peke yake katika jambo hilo. Mtu wangu nilimfanya bubu, ili nisilazimike kusema. Nilidhani Deklaran atakataa. Aliniangalia, akapuliza ndagala wa stempu ili apate joto, akaipiga kwenye karatasi ya mtu wangu.

"Bubu. Ni vizuri," akasema. "Lakini bubu mwenye ngoma. Siku iko na neno, apige ngoma."

Toka siku ile aliniita Bubu, na jina likanikaa kwa mtaa mzima.

Safari yetu ilikuwa ya kupeleka kengele ya kanisa upande wa pili wa ziwa kubwa, kwenye mji uliopoteza kengele yake. Kengele ilibebwa na mwizi wa Mama Mchele, maana yeye ndiye aliyeiomba kwa unyenyekevu kutoka mahali ambapo hawakujua kwamba wameitoa. Na hapa ndipo Deklaran alipotutesa. Mezani pa duane, kila mtu anajua, alikuwa akiandika gunia likapungua likiwa kwenye karatasi, na shati jipya likawa la zamani. Mezani pa mchezo hakupunguza hata sindano. Alijumlisha uzito wa mapanga, wa maji, wa kofia. Jitu la Motari lilipotaka kuruka mto, Deklaran alilisimamisha ukingoni na kulifanya litoe kila kitu mfukoni.

"Weye uko na mapanga mbili, kamba, na sufuria ya chuma," alisema. "Utaruka namna gani? Wacha kitu."

"Naacha kamba."

"Kamba ni nyepesi. Unanizungukisha."

Motari alimwuliza siku moja kwa nini anadanganya kwenye duane ya kweli na kuwa mtakatifu kwenye duane ya uongo. Deklaran hakukasirika. Alijibu kwamba mtu ana haki ya kuwa mwaminifu mahali fulani, na mahali pake ni hapa, na sasa sufuria ibaki.

Watu wetu walikaa kwenye karatasi, kila mmoja na ndagala wake chini. Tulizitunza kwa zamu. Zamu ilipokuwa ya Motari, alizitia ndani ya koti lake na kuondoka na abiria kuelekea uwandani, na kwenye baryeri moja ya njiani wanaume wenye bunduki wakampekua. Mkubwa wao akafungua karatasi na kuanza kusoma kwa sauti. Nguvu nyingi sana. Mapanga mawili. Hasira. Kisha akafika kwa mwingine: anapita bila kuonekana, anafungua kila kufuli, anasali kwanza. Akamwuliza Motari huyu mpiganaji yuko wapi sasa. Motari ni mtu ambaye uongo humjia haraka isipokuwa anapouhitaji.

"Iko ku Kavimvira," akasema. "Anauzisha muchele."

Deklaran aliitwa, kwa kuwa stempu ilikuwa yake. Alikwenda na dadu zake, akakaa chini ya kile kibanda cha turubai na kueleza mchezo mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetoa mzigo duane. Motari alituambia kwamba ilipofika saa ya chakula mkubwa yule alikuwa anauliza kama mtu wake anaweza kuwa na mtumbwi wa mota, na Deklaran alikuwa anakataa, kwamba kwanza aanze na kasia kama wengine. Waliachiwa wote wawili. Lakini karatasi zilichomwa, kwa sababu amri ni amri, na Deklaran alirudi juu ya pikipiki ya Motari kama mtu aliyetoka kuzika.

"Karatasi ni shahidi mubaya," alisema. "Inasema mambo yote, halafu haijui kujieleza."

Fundi wa simu, aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya mapikipiki, ndiye aliyetuletea dawa. Alisema ziko programu za kutengenezea watu wa michezo ya namna hii. Mtu wako anakaa ndani ya ordinatere, ile kompyuta, amefungwa kwa neno la siri, na baryeri haimwoni. Alipopata njia ya kwenda Bujumbura alirudi na programu tatu kwenye flashi, akatuazima ordinatere moja ya zamani iliyogoma kuandika M kubwa. Kuanzia hapo Mama Mchele akawa Ama Chele kwenye mashine, na Motari akawa Otari, akasema lina sauti ya mchezaji wa mpira.

Mtu mwingine angefungua programu tatu, akachagua yenye rangi. Deklaran alizipitisha kwenye ukaguzi. Alisema kila moja itabebeshwa mtu yuleyule, tuone ipi itamweza. Na mtu aliyemchagua ni mama mkwe wake.

Lazima nieleze hapa. Mama mkwe alikuwa amekimbilia kwake kutoka Luberizi, na nyumba ilikuwa ndogo. Kwetu mwanamume hataji jina la mama mkwe wake, hamtazami usoni, na hasemi naye ana kwa ana. Ndiyo heshima. Basi Deklaran aliishi nyumbani kwake akitembea ubavu kama kaa, na maneno yao yalipita kwangu juu ya ua. Mwambie mama chumvi iko dirishani. Mwambie huyo mkwe nimeiona, siko kipofu. Mimi ambaye nyumbani kwetu hawakujua sauti yangu ikoje, nilishinda nikibeba maneno kati ya watu wawili wenye mkeka mmoja katikati.

Nilimwuliza, kwa unong'ono, kwa nini yeye. Alijibu kwamba ni mtu mgumu kuliko wote anaowafahamu, na programu itakayomweza mama mkwe wake itaweza hata joka.

Basi tuliketi uani. Mama mkwe kwenye kigoda, Deklaran amempa mgongo, mimi kwenye ordinatere, Mama Mchele na Motari pembeni wakila karanga. Programu ya kwanza iliomba jina kabla ya yote, na hatukuweza kuendelea kwa sababu Deklaran hakuweza kulitaja, mimi sikulijua, na mwenyewe alisema aliyelitaka aje aliombe kwa adabu. Mwishowe tuliandika Ama, na programu ikakubali. Ilikuwa nzuri sana. Ilichora picha. Lakini waliotengeneza programu ile wanawaona wanawake wote kwa namna moja, na mama mkwe alitokea kwenye kioo ana upanga wa moto, nywele hadi kiunoni, na tumbo wazi.

Deklaran aligeuka ili aone maendeleo. Alirudisha uso haraka hadi shingo ikalia, akavua kofia yake na kuirusha nyuma bila kutazama ili nifunike kioo. Ilimwangukia kuku. Mama mkwe alikuwa amesogeza kigoda karibu na kioo.

"Mwambieni huyo mkwe," akasema baada ya kuangalia kwa muda, "hiki kisu nimekipenda. Lakini anitafutie blauzi."

Programu ile ilianguka, si kwa sababu ya blauzi tu. Ilitaka mtandao kila inapofunguliwa, na kwetu bunduki zikilia mtandao ndio wa kwanza kukimbia.

Programu ya pili ilimpendeza Deklaran kuliko nilivyopata kumwona akipendezwa na kitu. Haikutaka mtandao. Na ilijumlisha mizigo yenyewe. Uliandika sufuria, ikaongeza uzito wa sufuria. Uliandika kengele, namba ikageuka nyekundu, na mtu wako akapungua mwendo palepale. Deklaran alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aliomba tumpe mtu mbuzi. Tukampa. Aliomba mbuzi wa pili. Namba ikawa nyekundu na Deklaran akacheka peke yake, polepole, kama mtu anayekuna mgongo.

Tatizo lilikuwa mwanzoni kabisa. Kabla ya jina, kabla ya kazi, kulikuwa na kisanduku kinachouliza mtu huyu ni wa jamii gani, na chini yake orodha: binadamu, wale warefu wa msituni, wale wafupi wa milimani wenye ndevu, na wengine na wengine. Bila kuchagua, mlango haukufunguka. Deklaran alisema, weka binadamu, tupite. Nilikuwa nimeweka binadamu kwa mama mkwe. Zamu ikaja ya mwizi wa Mama Mchele, na Motari, ambaye alikuwa amecheka toka mchana na mdomo wake ulikuwa bado unakimbia, akainama juu ya bega langu.

"Uyu muweke ku barefu," akasema. "Si tunabajua."

Siku hizo habari zilizotoka uwandani zilikuwa mbaya. Nyumba zilichomwa, na waliozichoma waliuliza kwanza swali lilelile la kisanduku, na 'warefu' ndivyo walivyowaita watu wa lugha ya Mama Mchele. Karanga zikaacha kutafunwa. Motari mwenyewe alinyooka taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu na hataki kuangalia ni nini. Nikasema kwa unong'ono kwamba nimeweka binadamu, Mama, nimeweka binadamu.

Mama Mchele alikuwa ameshakunja kitenge chake.

"Kama binadamu ni ya kuchagula ku liste," alisema, "basi iko siku mwengine atanichagulia."

Akaenda. Hakukimbia wala hakubamiza kitu. Alipita hata karibu na Motari na kumwambia samahani, kwa sababu miguu yake ilikuwa njiani.

Deklaran akanyoosha mkono na kufunga ordinatere, ile namba nyekundu bado inawaka ndani.

"Ku baryeri banauliza ile mbele ya jina," akasema. Hakumwangalia Motari. "Hapa ku meza yangu tunauliza muzigo."

Nimesikia watu wakisema kwamba Deklaran alipenda fomu kuliko chakula, na ni kweli. Alipata kumjazia fomu kuku wake aliyepotea, akaandika rangi na tabia. Ndiyo maana najua ilimgharimu. Siku zilizofuata nilimwona kupitia ua amefungua programu ya pili peke yake, anampa mtu asiye na jina mbuzi mmoja baada ya mwingine. Aliniita mara moja aniulize kama kile kisanduku hakiwezi kuzibwa, kwa kitu chochote, hata kwa ugali juu ya kioo. Tulijaribu kwa Fundi. Hakikuzibika. Deklaran akasema kwa Fundi neno moja, ifute, kisha akatoka nje ili asione.

Tukabaki na programu ya tatu. Ilikuwa na rangi ya majivu na haikujua lolote. Haikuchora, haikujumlisha, ilikupa tu visanduku vitupu na kukuacha uvipe majina mwenyewe. Deklaran alivipa. Cha kwanza, Mzigo, ingawa kwenye mashine yetu kilisomeka Zigo. Cha pili, Jina. Cha tatu, Anaogopa Nini. Akaweka na kisanduku cha Anacheka Nini, kwa sababu alisema duane haijapata kuuliza hilo na ni uzembe. Mama mkwe aliingia bila taabu. Mzigo: sufuria, biblia, hasira ya akiba. Jina: Ama. Anaogopa: hakuna. Anacheka: mkwe wake.

Lakini kiti cha Mama Mchele kilibaki kitupu, na kengele ilikuwa kwake. Motari alisema jitu lake linaweza kuibeba ili twende. Deklaran alikataa. Alisema mzigo haubadilishi mwenyewe bila mwenyewe. Tena alisema jambo ambalo sikulisahau: kwamba ametoa mizigo mingi maishani, mingine ikafika, mingine ikaoza, lakini hajapata kuona meza iliyovunjika kwa neno ikarudi yenyewe, na yeye hana meza nyingine.

Kwa hiyo tukacheza kungoja. Kila alasiri tulikaa, na Deklaran alisimulia kwamba watu wetu wako kwenye mstari mbele ya duane kando ya mto, na mwenye kengele ameshikwa ndani, na mstari hausogei. Tulirusha dadu kuona kama jua ni kali. Lilikuwa kali. Jitu la Motari lilinunua karanga, likaota ndevu, likafunga ndoa na muuza karanga. Bubu wangu alipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka, na kushona ngozi mpya kulihitaji kibali. Motari alianza kulalamika kwamba tangu kiangazi kianze yuko kwenye mstari wa uongo, na akitoka hapo anakwenda kwenye mstari wa petroli wa kweli, na ule wa petroli unasogea.

"Basi," alisema Deklaran kwa upole. "Weye unajua mwenye kufungua duane anaishi wapi."

Siku iliyofuata Motari alifunga ordinatere ndani ya koti la mvua na kuniambia nipande, kwa sababu yeye hakujua kuiwasha. Mama Mchele tulimkuta anapima mchele kwa kikombe na hakuinua kichwa. Motari alizungumza juu ya mvua. Alizungumza juu ya daraja. Alizungumza juu ya tairi lake la nyuma mpaka nikaona huruma. Mwishowe nikafungua mashine na kumwekea mwizi wake mbele. Zigo: kengele, rozari, funguo za watu wengine.

"Mama," Motari akasema, "muntu yako banamufunga ku duane. Siye bote tuko mu mustari nyuma yake. Minye niko na bibi sasa mu ile mustari, na anangojea mutoto."

Mdomo wa Mama Mchele ulitaka kucheka, akaudhibiti.

"Na kile kisanduku?"

"Deklaran amekitosha, hakiko tena."

"Deklaran amekitosha. Na weye?"

Motari aliangalia tairi lake la nyuma, lakini lilikuwa limekwisha kusemwa lote.

"Minye pia," akasema. "Ile siku kinywa yangu ilinipita mbele. Nilimukimbizia, nikachelewa."

Mama Mchele alimaliza kupima kikombe, akakisawazisha kwa kiganja kama kawaida yake, akamimina. Kisha akauliza huyo bibi wa jitu ni mtu wa namna gani, kama anajua kupika. Kesho yake alikuja mezani na kigoda chake mwenyewe, na Deklaran alimwuliza amebeba nini kabla ya kumsalimia, na mstari ukasogea.

Hatukupata kuifikisha kengele. Tulikuwa bado upande huu wa ziwa vita ilipoingia mjini yenyewe, na watu wakatawanyika, kila nyumba na njia yake. Meza ya kreti nilisikia iligeuzwa kuni za kupikia ndagala na watu nisiowajua.

Mara ya mwisho nilimwona barabarani, kwenye msongamano wa watu wanaokwenda mpakani. Nilimjua kwa mgongo. Toroli husukumwa, kila mtu anajua. Yeye aliivuta, mikono nyuma kama punda, kwa sababu ndani ya toroli alikaa mama mkwe wake, na kama angeisukuma angemtazama usoni njia yote. Kwa hiyo hakuona nyuma, na mama mkwe ndani aliona kila kitu. Alikuwa anasema mwambieni huyo mkwe kuna shimo, na watu wasiowajua kabisa, na magodoro kichwani, walikuwa wanapeleka neno mbele: kuna shimo, baba, wanasema kuna shimo.

Nilifika ubavuni mwake. Alikuwa amekonda na kofia haikuwepo.

"Bubu," akasema. "Umebeba nini?"

Nikamwonyesha. Sufuria, blanketi, viatu vya mama yangu aliyekuwa mbele na wadogo zangu. Akakagua, akakubali. Ordinatere ilibaki, alisema. Alikuwa na dadu mfukoni. Akatembea kidogo, kisha akauliza bila kunitazama kengele iko kwa nani sasa.

Nikamwambia niliwaona nyuma, karibu na daraja. Moto ya Motari haikuwa na petroli. Motari alikuwa anaisukuma, na Mama Mchele amekaa juu na gunia mapajani, anashika usukani, kwa sababu hakutaka kuweka mchele chini na Motari hakutaka kumwacha atembee. Walikuwa wanabishana juu ya breki.

Deklaran alisimama. Tulikuwa karibu kufika dirishani, palepale alipopitisha maisha yake yote mizigo ya watu. Aliweka toroli chini katikati ya mstari na kuketi juu ya mpini wake, na nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika, na mzee mmoja mwenye mbuzi akasema kama mmechoka mtupishe. Ofisa aliyekuwa anaita watu akatuita sisi. Akaita tena. Akaja mwenyewe, akasimama juu ya Deklaran na kumwuliza tunasubiri nini, kwani hatuoni watu walivyo.

Deklaran alifungua kinywa. Nilimwona anatafuta. Maisha yake yote alikuwa na karatasi ya kutoa mahali pale, na hakuwa nayo, na bila karatasi maneno hayakumtoka. Mzee wa mbuzi alishaanza kupita. Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi, na ngoma sikuwa nayo.

"Tunangojea bawili," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nadhani ilikuwa imejikusanya. Ofisa alirudi hatua moja, na yule mbuzi naye.

"Bawili gani?"

"Bale beko na kengele."

Ofisa alituangalia, mmoja baada ya mwingine, hadi mama mkwe ndani ya toroli. Akaona ni watu wa kuachwa. Akatuonyesha kando ya njia, tukae huko, akaita wengine.

"Mwambie huyo mkwe," mama mkwe akaniambia, "Bubu amesema."

Nikamwambia.

"Mwambie mama nimesikia," akajibu Deklaran. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha sapato, akakipuliza ili kipate joto, na kukibonyeza mkononi mwangu kwa nguvu. Wino haukuwepo tena. Lakini alama ya ndagala ilikaa kidogo kwenye ngozi, jicho lake kubwa, kabla ya kufutika. Kisha tukasogeza toroli kwenye majani, tukageukia upande wa daraja, na kungoja.